Mbao Kuukuu, Samani Mpya: Vidokezo vya Kunyoosha Ubao Uliopinda

Nyumba ya zamani ikibomolewa, mafundi wakishamaliza kushusha bati, kenchi nazo hufuata: rundo la mbao zenye misumari na vumbi, zinauzwa kwa bei ambayo duka la mbao haliwezi kukupa. Wengi wanaojifunza useremala huanzia hapo, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Mbao hizo zimekaa juu ya vichwa vya watu miaka na miaka, zimekauka, na nyingine ni za miti ambayo leo huipati kirahisi. Shida ni kwamba ukiulaza ubao sakafuni, haulali. Unabonyeza kona hii, ile inainuka.

Anayeanza hukimbilia randa. Naomba uiweke chini kwanza. Sehemu kubwa ya kazi ya kunyoosha ubao hufanyika kabla randa haijaugusa: katika kuchagua, katika kukausha, na zaidi ya yote katika kukata. Ukizipatia hizo, randa itabaki na kazi ndogo, na ubao utabaki na unene wa kutosha kutengenezea kitu.

1. Ujue umepinda vipi

Shika ubao, weka ncha moja karibu na jicho, funga jicho la pili, kisha tazama mpaka ncha ya mbali. Utaona moja kati ya mambo manne.

Huenda umebonyea kwa upana: kingo mbili zimeinuka, katikati pamezama. Hili huzipata sana mbao pana, zile za inchi 1 kwa 8 na 1 kwa 10. Au umepinda kwa urefu, ukiuweka sakafuni ncha zinagusa na katikati kuna mwanga. Au umepinda kwa ubavu: uso wake umelala vizuri kabisa, ila ukingo umechora upinde. Huu ndio rahisi kuliko yote, kwani unapiga mstari kwa uzi na kuufuata kwa msumeno, basi.

Wa nne ndio mkorofi. Ubao umejisokota, ncha moja inatazama huku na nyingine kule, kama panga la feni. Kona tatu zinagusa chini na ya nne iko hewani.

Aina tatu za kwanza zinavumilika. Ya nne, ikiwa kwenye ubao mrefu na mpana, mwachie muuzaji, au ununue ukijua kwamba utatoa vipande vifupi tu.

2. Uliza ulikotoka

Mti una tabia yake, na tabia hiyo haiishi ukishakuwa ubao. Paini iliyokua haraka na kuvunwa mapema hujisokota kuliko mbao nyingi, kwa sababu nyuzi zilizo karibu na kiini cha mti mchanga huzunguka badala ya kwenda wima. Mbao nyingi za kupaulia Tanzania ni za paini ya mashamba ya nyanda za juu kusini, kama Sao Hill kule Mufindi, hivyo ukinunua kenchi tarajia jambo hilo. Mkaratusi una matata zaidi: hunywea sana unapokauka na hupenda kupasuka vichwani.

Mninga ni kinyume chake. Hunywea kidogo mno, ndiyo maana fremu ya mlango ya mninga iliyong'olewa kwenye nyumba kuukuu mara nyingi bado imenyooka. Mtiki nao una tabia njema. Mvule ni mzuri, ila ndani yake huweza kujificha vijiwe vigumu vya chokaa ambavyo mti wenyewe huvitengeneza. Randa yako ikigonga kimoja, utaisikia, na utarudi kwenye jiwe la kunolea.

Kisha kuna mbao ambazo hazistahili kuingia kwenye samani za ndani. Mbao za dawa zenye ukijani na vipande vya nguzo za umeme mara nyingi zimetiwa shaba, kromi na aseniki, na aseniki ni sumu. Usizirande, usizipige msasa, na mabaki yake usipikie hata chai. Nguzo nyeusi zenye harufu ya lami zimetiwa kreosoti, nazo ziache huko huko.

Paleti zinazotoka bandarini zina mhuri wa moto wenye alama ya shuke la ngano na herufi IPPC. Tafuta herufi HT: maana yake mbao ilipashwa joto mpaka ndani yake ikafika nyuzi 56 za Selsiasi na kubaki hapo kwa dakika 30, ili kuua wadudu. Hiyo ni salama kutumia. Ukiona MB, ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, na mimi siwezi kumshauri mtu anayeanza aipeleke nyumbani. Paleti isiyo na mhuri wowote, au yenye madoa ya kemikali iliyomwagika, iache pia.

Rangi ya zamani nayo iogope. Rangi nyingi za mafuta za miaka ya nyuma zilikuwa na risasi. Ukiipiga msasa ikiwa kavu, unaigeuza kuwa vumbi ambalo watoto wako watalivuta na kulila. Ubao wenye matabaka ya rangi usiyoijua umri wake, uuache kama una chaguo jingine.

3. Toa misumari yote, hata ile usiyoiona

Gonga msumari kutoka upande wa ncha mpaka kichwa kichomoze, halafu uung'oe kwa nyundo yenye makucha huku umetanguliza kipande cha ubao chini yake ili usitie kovu. Uliokatikia ndani uchimbe kwa patasi kuukuu, au usukume utokee upande wa pili kwa msumari mwingine uliokatwa ncha.

Kwa ile iliyojificha, chukua sumaku ya spika mbovu. Mafundi redio wanazo nyingi. Ifunge kwa uzi, ipitishe taratibu juu ya ubao karibu na uso wake, na pale inapovutwa weka alama ya chaki. Mninga na mbao nyingine zenye tanini hukusaidia zaidi: chuma kilipolala, mbao hugeuka nyeusi. Doa jeusi la duara lichunguze kila mara.

Mbao zilizotumika kufungia zege zipige brashi ya waya kwanza. Saruji iliyoganda hula makali ya randa kwa mipigo michache tu.

4. Upe ubao muda wa kuzoea hewa ya kwako

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa maisha yake yote, hata ikiwa ilikatwa kabla babu yako hajazaliwa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, jambo la kawaida pwani, mbao hutulia ikiwa na unyevu wa takribani asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka asilimia 50, mbao hushuka nayo mpaka karibu 9. Kwa hiyo ubao ulionunuliwa Tanga ukapelekwa Dodoma una safari nyingine ya kufanya baada ya ile ya lori.

Sasa tazama kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Utaona mistari ya mviringo ya ukuaji wa mti. Kwa urefu wake ubao karibu haubadiliki kabisa unapokauka, lakini kwa upana hunywea, na haunywei sawasawa: kuifuata mistari ile hunywea takribani maradufu kuliko kuikata kuelekea kwenye kiini. Hapo ndipo ubao unapobonyea. Mistari ile hutaka kunyooka, uso uliokuwa upande wa ganda unazama, na uso wa upande wa kiini unatuna. Ukishalijua hili, unaweza kutazama kichwa cha ubao sokoni na kusema utaelekea wapi kabla haujaelekea.

Kwa vitendo: panga mbao zako kivulini, mahali penye upepo, kila moja ikitenganishwa na mwenzake kwa vijiti vya unene mmoja, karibu sentimita 2, vikiwa vimeachana nusu mita hivi. Vijiti vya safu zote vikae kwenye mstari mmoja wima, vinginevyo wewe mwenyewe ndiye unayezipinda. Juu weka uzito, matofali yanatosha. Usizianike juani. Jua hukausha uso mmoja kwa pupa na kuacha mwingine, na unajizalishia tatizo lile lile unalolitibu.

Muda gani? Chukua kipande kimoja, ukipime kwenye mizani ya jikoni, uandike uzito juu yake kwa penseli. Rudia baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka na kupanda, mbao zimezoea. Mara nyingi utashangaa pia kuona mbao kadhaa zimejinyoosha zenyewe, hasa zile zilizokuwa zimelazwa kwenye sakafu yenye unyevunyevu, chini zimelowa na juu zimekauka. Hizo hazikuwa zimeharibika. Zilitaka hewa pande zote mbili.

5. Kata kwanza, randa baadaye

Ukikumbuka kidokezo kimoja tu, kiwe hiki.

Tuseme una ubao wa 1 kwa 8, yaani milimita 25 kwa 200, na umebonyea milimita 6 katikati. Ukiuranda mzima mpaka pande zote zilale, utapoteza milimita 6 za unene na kubaki na 19. Sasa upasue katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya milimita 100. Mbonyeo wa kila kipande hauwi nusu ya ule wa mwanzo. Unakuwa robo: milimita moja na nusu. Unabaki na ubao wa zaidi ya milimita 23, na maranda sakafuni ni machache. Ukiupasua vipande vitatu sawa, mbonyeo unashuka mpaka sehemu moja ya tisa.

Kwa urefu ni vivyo hivyo. Ubao wa futi 12 uliopinda sentimita 4 unaonekana hauna faida. Ukate vipande vinne vya futi 3 na kila kimoja kitakuwa na mpindo wa milimita 2 na nusu tu, ikiwa ulikuwa umepinda sawasawa toka ncha hadi ncha. Hiyo ni kazi ya dakika chache za randa, na futi 3 zinatosha kwa mguu wa meza, upande wa rafu au kiti cha benchi fupi.

Msokoto hauna huruma kiasi hicho. Ukiukata ubao nusu, msokoto nao unapungua nusu tu. Ndiyo maana nilisema uuache kwa muuzaji.

Kwa hiyo chora kwanza unachotaka kutengeneza. Andika orodha ya vipande na vipimo vyake, uongeze sentimita 2 au 3 kwa urefu na milimita 5 hivi kwa upana, kisha zunguka na mbao zako ukitafuta kipande kipi kitoke wapi. Vipande virefu vitoke kwenye mbao zilizonyooka. Vifupi vitoke kwenye zilizopinda. Ubao uliojisokota utoe miguu ya stuli. Utaona rundo ulilodhani nusu yake ni kuni limekuwa na matumizi karibu yote.

6. Jitengenezee vijiti viwili vya kupimia

Msokoto mdogo jicho tupu haliuoni. Nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini, umwombe vipande viwili vya mabaki ya fremu, vilivyonyooka na vya unene mmoja, urefu wa sentimita 60 hivi. Kimoja kipake rangi nyeupe, kingine nyeusi.

Weka cheusi kukatisha ubao kwenye ncha ya karibu nawe, cheupe kwenye ncha ya mbali. Chuchumaa mpaka jicho lako liwe usawa wa kile cha karibu, halafu tazama mstari wa kile cha mbali unavyochungulia nyuma yake. Ubao ukiwa sawa, mistari inakwenda pamoja. Ukiwa umejisokota, upande mmoja mweupe unaonekana mnene na mwingine unapotea. Kwa kuwa vijiti ni virefu kuliko upana wa ubao, vinakuza kosa: kwenye ubao wa sentimita 20, kijiti cha 60 kinakuonyesha msokoto mara tatu ya ulivyo. Ni kifaa cha bure ambacho hakihitaji betri, na sijaona cha dukani kinachokishinda.

7. Meza ya kazi iwe imelala

Huwezi kunyoosha ubao juu ya meza iliyopinda. Mlango wa flashi uliolazwa juu ya vinara viwili imara ni meza nzuri ya kuanzia, ilimradi uukague kwa vijiti vyako kabla hujauamini. Pigilia kipande chembamba cha ubao ncha moja ili kuzuia kazi isiteleze unaposukuma randa. Kiwe kifupi kuliko unene wa ubao unaouranda.

8. Nyoosha uso mmoja, nyingine zitaufuata

Hapa sasa ndipo randa inapoingia. Inoe kwanza. Jembe la randa likiwa butu hata ubao wa paini utakutoa jasho na kukurudishia uso uliochanika. Inafaa likate nywele za mkono, na likishakuwa hivyo, toa maranda membamba.

Laza ubao uso uliozama ukiwa chini, uliotuna ukiwa juu. Hivyo unasimama kwenye kingo zake mbili wala hauchezi. Ila kuna mtego: ubao mwembamba ukikandamizwa na randa hushuka katikati, unalala, unauranda ukiwa umelala, na ukiuachia unainuka tena na mpindo wake wote. Sukuma kabari nyembamba chini, katikati na popote penye upenyo, mpaka ukiubonyeza kwa kidole hausogei. Zisikazwe mpaka zikauinua. Zijaze nafasi tu.

Chora mistari ya penseli ovyo ovyo juu ya uso wote. Kisha randa, wala usianze kwa kufuata urefu. Anza kukatisha, au kwa mshazari, kwenye ule mtuno wa katikati. Ukikatisha nyuzi, mbao hutoka haraka na haichaniki kwa kina. Ila ukingo wa mwisho hupenda kumeguka, kwa hiyo upunguze kona yake kidogo kabla. Kila baada ya mipigo kadhaa simamisha rula ya chuma kwa ubavu wake na utazame mwanga chini yake, kwa upana, kwa urefu, na kona kwa kona. Penseli inafutika pale ulipokula na kubaki pale ambapo bado hujafika. Msokoto ukiwapo, mshazari unaounganisha kona mbili zilizo juu ndiyo njia yako, na vijiti vya alumini ndivyo vitakavyokuambia uache lini.

Penseli ikikaribia kuisha yote, badili mwendo, sasa fuata urefu wa nyuzi kwa mipigo mirefu. Randa ikichana badala ya kukata, geuza ubao, unakwenda kinyume cha nyuzi. Na kama una uchaguzi, tumia randa ndefu. Randa fupi huteremka kwenye mabonde na kupanda vilima pamoja na ubao, ikilainisha kila kitu na isinyooshe chochote. Ndefu hupita juu ya vilima na kuvikata.

Uso wa kwanza ukilala, uwekee alama ya penseli. Toka hapo kila kipimo kinaanzia kwake. Nyoosha ukingo mmoja mpaka skwea ikae bila mwanga kati ya ukingo na uso ule. Kisha chora mstari wa unene kuzunguka kingo zote nne, ukipimia toka kwenye uso uliolala, geuza ubao, na urande upande wa pili mpaka ufike kwenye mstari. Watu wengi huranda pande zote mbili kwa kukadiria, na kupata ubao laini wenye unene wa aina tatu.

9. Mashine ya randa ya mtaani hainyooshi ubao peke yake

Keko jijini Dar es Salaam, Gikomba kule Nairobi, na karibu kila mji wenye mafundi samani, utapata mtu mwenye mashine kubwa ya randa atakayekupitishia mbao kwa malipo kidogo. Huduma nzuri, lakini ielewe. Mashine ya kusawazisha unene ina magurudumu yanayoukandamiza ubao ukiwa unapita. Ubao uliopinda unabanwa ukalala, unakatwa, unatoka upande wa pili na kuinuka kama ulivyoingia. Umekuwa mwembamba na laini, na bado umepinda.

Dawa ni mbili. Ama unyooshe uso mmoja kwa mkono kwanza, kisha uupeleke uso huo ukiwa chini, mashine imalize wa pili. Ama umwombe fundi autegemeze ubao juu ya kipande kipana cha plaiwudi kilicholala, kabari zikiwa zimebandikwa kwa gundi chini ya sehemu zilizoinuka, vyote vipite pamoja. Na mwambie kabisa kwamba mbao ni kuukuu. Msumari mmoja uliosahaulika unaweza kumharibia seti nzima ya majembe, na ni haki yake kukataa kama hujaonyesha kwamba umezikagua.

Randa ya umeme ya mkononi ni msaada kwa kuondoa mtuno mkubwa, ila imalizie kwa randa ya kawaida, maana huacha ngazi ngazi kila inapopita.

10. Maji na jua: tumia ukijua mwisho wake

Utaambiwa na wengi: lowesha upande uliozama, upande uliotuna uelekeze juani, ubao utanyooka. Ni kweli, utanyooka. Upande uliolowa unavimba, uliopigwa jua unanywea, na mbonyeo unafunguka mchana huo huo. Kisha unyevu ukitulia pande zote mbili, ubao hurudi ulikotoka, nusu au wote.

Njia hii inafaa pale ambapo ubao utafungwa mara moja kwenye kitu kitakachoushikilia, kwa mfano sakafu ya kitanda au mgongo wa kabati uliokazwa kwa skrubu kwenye fremu imara. Kwa kipande kitakachosimama peke yake, kama mlango wa kabati, usiitegemee.

11. Acha milimita mbili tatu, na uache ubao upumzike

Ukipasua ubao wa zamani unaweza kuona pengo la msumeno likijifunga au kujifungua nyuma ya jembe. Ndani ya mti mlikuwa na mvutano, na wewe umeukata. Kwa hiyo usimalize kipande siku ile ile. Kirande kikaribie kipimo, kiache kimesimama wima chenye hewa pande zote kwa siku kadhaa, kisha ukirudie. Ondoa mbao kidogo kidogo pande zote mbili badala ya kula upande mmoja tu.

12. Si kila uso unahitaji kulala

Uso wa chini wa meza, nyuma ya rafu, ndani ya benchi: pale pasipogusana na kipande kingine na pasipoonekana, bonde dogo au kovu la msumari halimsumbui mtu. Kinachotakiwa kulala ni sehemu za maungio na uso unaotumika.

13. Linda pua yako

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 1995. Mvule humkereketa mtu pua na koo hata kwa siku moja ya kazi. Vaa barakoa nzuri unapopiga msasa, fanyia kazi nje, na maranda ya mbao zenye dawa au rangi usimpe jirani akatandike banda la kuku. Ya mbao safi, mpe.

14. Ukishaunyoosha, usiufunge pingu

Meza ya paini yenye upana wa sentimita 60, unyevu wake ukipanda kwa asilimia 5, huweza kutanuka milimita 5 hadi 7. Ukiwa umeikaza kwa skrubu pande zote bila nafasi, itafanya moja kati ya mambo mawili: itabonyea tena, au itapasuka.

Chini ya uso wa meza weka vipande viwili vya kukatisha. Tundu la katikati la kila kipande liwe la duara na skrubu yake ikazwe. Matundu ya pembeni yafanye marefu kwa kuelekea upana wa meza, kwa kutoboa matundu mawili yanayogusana na kusafisha kati kwa patasi nyembamba, uweke washa, kisha ukaze kiasi cha kushika tu. Hivyo uso utatanuka na kunywea toka katikati kwenda nje bila kugombana na miguu.

Vanishi au mafuta paka juu na chini, idadi ile ile ya mikono. Wengi hupaka juu tu kwa sababu chini hapaonekani, na uso usiopakwa hunywa unyevu haraka kuliko mwenzake. Masika yakiingia, pitisha rula juu ya meza kukatisha upana. Ukiona mwanga, legeza skrubu za pembeni robo mzunguko na uipime tena baada ya wiki.